Volkano Moja kwa Picha Moja ya Babu

Babu yangu alinioa nikiwa na miaka minne. Mahari ilikuwa pipi mbili na kalamu ya risasi, na mashahidi walikuwa kuku. Huku kwetu Iramba hiyo wala si habari. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, wa kiume ni mume wa bibi, na utani huo unaendelea mpaka mmoja azikwe; hata siku ya kuzikwa wajukuu bado wanamtania aliye ndani ya jeneza. Basi mimi nimekuwa mke mdogo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mke mkubwa, yaani bibi, alikuwa akinipokea kila likizo kwa maneno yale yale: "Umekuja kuninyang'anya mzee? Mchukue, lakini na nguo zake ufue mwenyewe."

Utani wa namna hii una masharti yake. Hukasiriki, kwa maana ukikasirika umeshindwa. Na ukiahidi kitu, hata kama uliahidi kwa kucheka, mwenzako ana haki ya kukidai kweli kweli. Hilo ndilo lililonipandisha juu ya mlima unaotapika moto, mimi mwanamke ninayehema nikipanda ngazi za benki.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina studio Kiomboi, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Ni chumba kimoja chenye pazia la bluu la pasipoti, pazia jekundu la wachumba, na kiti cha mbao ambacho nusu ya wazee wa tarafa hii wamekikalia. Nina hasira za karibu na wateja wangu wanalijua hilo. Nikisema kidevu juu, kidevu kinakwenda juu. Nikisema usicheke, hata harusi inanuna. Wao nao wana sharti lao moja: picha lazima iwe na mtu, na mtu lazima awe na miguu. Mkate mtu magotini uone. Atairudisha picha siku hiyo hiyo na kuuliza, "Dada, mimi si nilikuja na miguu?"

Bibi alipofariki ndipo aibu yangu ilipotoka hadharani. Mpiga picha wa Kiomboi nzima hakuwa na picha ya bibi yake. Si kwamba hakuwahi kupita mbele ya kamera yangu. Alipita sana, lakini amebeba sufuria, au amegeuka, au yuko nyuma ya watu wengine waliojipanga kwa ajili ya picha. Ya kuweka juu ya jeneza tuliikata kwenye picha ya kipaimara cha binamu yangu. Alikuwa amefumba macho, na begani alikuwa na mkono wa mtu. Nilihangaika kuufuta ule mkono kwenye kompyuta, vidole viwili vikagoma kutoka. Watu wakapita mbele ya jeneza, wakainama, wakamwangalia bibi aliyefumba macho na vidole visivyo na mwenyewe. Babu aliiangalia kuliko wote. Bora angenitukana.

Tangu siku hiyo babu hakutaka kupigwa picha. Nilijaribu kila ujanja. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, akaniona. Nilijifanya napiga mbuzi, akamshika mbuzi akamsogeza mbele ya uso wake. Nilimwambia serikali inataka, akaniuliza serikali gani hiyo isiyomjua, yeye aliyewafundisha nusu ya maofisa wa wilaya.

Na kweli aliwafundisha. Babu alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka alipostaafu, na somo lake la sherehe lilikuwa volkano. Baba yangu alilisoma kwake, na shangazi zangu wote, na wanalisimulia mpaka leo. Alikuwa akichora mlima ubao mzima, akachora bomba katikati na chumba cha moto chini, halafu akatia mkono mfukoni na kutoa leso. Ndani ya leso kulikuwa na chaki nyekundu aliyoitunza muhula mzima kwa ajili ya siku hiyo tu. Lava ikamwagika ubaoni nyekundu kama pilipili, na darasa zima likasema "Aaah!" Mwenyewe hajawahi kuona volkano hata moja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dodoma, kwenye mkutano wa walimu, na alirudi na malalamiko.

Halafu akaugua. Alianza kuvimba miguu, tukampeleka hospitali, akalazwa wiki nzima. Daktari akasema moyo umepanuka. Ale bila chumvi, anywe dawa, asibebe kitu, na sisi tumshukuru Mungu kwa kila siku. Shangazi yangu mkubwa, ambaye hana maneno ya kuzunguka, alinivuta kwenye korido nje ya wodi.

"Wewe ndiye mwenye kamera," akaniambia. "Tafuta picha ya maana ya baba mapema. Usituaibishe mara ya pili."

Nilikasirika, lakini nilijua anasema kweli. Siku moja tungemzika babu, na mimi ningesimama tena mbele ya watu na picha ya kuokoteza.

Aliporudi nyumbani nilimfuata kijijini, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini. Nilimkuta kwenye kiti chake barazani, kofia kichwani.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta mapenzi."

"Mapenzi hayachemshwi. Umeleta nini?"

Nikamwambia nimekuja na ombi. Picha moja tu. Akae, atulie, nimalize, nisimsumbue tena. Akatabasamu lile tabasamu la mwalimu anayemwona mwanafunzi hajafanya zoezi.

"Wewe unajiita mpiga picha," akasema. "Unapiga pasipoti za watu wasiosafiri. Sasa sikia. Siku ukiniletea picha ya volkano inalipuka, umepiga kwa mkono wako, karibu mpaka nyusi zimeungua, mimi nitakuja mwenyewe kukaa kwenye kiti chako. Hata kofia nitavua."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Akacheka mpaka akakohoa. Alijua ameniweza. Milima inayolipuka alikuwa akiifundisha, hata Lengai wa hapa hapa Tanzania alikuwa akiufundisha, lakini kwake kila mlima wa kwenye kitabu ulikuwa mbali sawasawa. Kutoka Kiomboi, Lengai na Italia vilikuwa safari moja.

Wiki tatu hazijapita, kwenye kundi letu la wapiga picha mtu akarusha video fupi. Ilikuwa juu ya Ol Doinyo Lengai, na kulikuwa na kitu kinaruka ruka kutoka ardhini. Niliitazama mara nne. Halafu nikafunga studio, nikabandika karatasi mlangoni: NIMEKWENDA KUMDAI MUME WANGU. Waliokuwa wakija kuchukua pasipoti zao wanisamehe.

Nilipanda basi mpaka Singida mjini, nikachukua la Arusha, nikashukia Makuyuni, nikafika Mto wa Mbu nimechoka. Kutoka pale nikapata nafasi kwenye gari lililokuwa linapeleka mahindi Ngaresero, chini ya mlima wenyewe, mimi juu ya magunia nimekumbatia begi la kamera kama mtoto mchanga. Vumbi lile sijapata kuona. Nilishuka nikiwa na rangi moja kuanzia kilemba hadi viatu.

Kiongozi niliyepewa wa kunipandisha alikuwa Mmasai wa makamo, mwembamba, na katambuga za tairi miguuni. Aliangalia raba zangu, akaangalia mwili wangu, akaangalia mlima.

"Dada," akasema kwa upole, "huko kwenu hakuna milima?"

"Ipo. Lakini ina adabu."

Watu hupanda ule mlima kuanzia usiku, kwa sababu mchana jua linakaanga na hakuna hata kichaka cha kujificha. Sehemu hiyo siielezi. Niliona visigino vya kiongozi na duara la tochi, basi. Nilitukana kwa Kinyiramba ili asielewe, na kila nilipotukana yeye alijibu "pole, dada," kwa hiyo nadhani alielewa.

Kulipopambazuka tulikuwa ukingoni mwa kasoko, lile shimo la kileleni. Nilikaa chini kwanza. Ardhi ilikuwa ya moto mpaka kwenye makalio, na hewa ilinuka kiberiti. Ndani ya kasoko kulikuwa kumesimama vichuguu. Mtu yeyote wa Singida angeviita hivyo: vyembamba, vya kijivu, vyenye matundu, vingine virefu kuliko nyumba. Sema hivi vilikuwa vinapumua. Na chini kwa chini kulikuwa na sauti ya uji mzito unaochemka kwenye sufuria kubwa.

Nikatega kamera kwenye stendi. Nikapiga moshi. Nilipiga picha za moshi mpaka nikajichukia. Nimezoea kuamrisha, na mlima hauamrishwi. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Haya, tulia hapo hapo, moja, mbili..." Kiongozi akageuka kuona naongea na nani. Nilipofika tatu moshi ukahamia upande mwingine, ukanifunika mimi na kamera yangu. Lenzi ikawa kama imepakwa maziwa. Nikapiga magoti, nikaanza kuifuta kwa khanga.

Ndipo kichuguu cha katikati kilipokohoa. Kikanyamaza kidogo. Halafu kikatapika.

Mungu wangu! Niliogopa, nasema wazi. Sauti yake iliingia tumboni kabla ya kufika masikioni. Kitu kikaruka juu, kikatawanyika, kikaanguka kwa kishindo cha maji yaliyomwagwa na beseni. Na kilikuwa cheusi. Sio chekundu. Cheusi tii, kinang'aa, chepesi, kinateremka ubavuni mwa kile kichuguu kama oili chafu inayomwagwa chini ya lori pale Shelui. Nilidhani macho yangu yameharibika kwa moshi. Nikamuuliza kiongozi hiyo ni nini.

"Ndiyo hiyo lava," akasema. "Ya huku ni nyeusi. Ina moto hivyo hivyo, usiidharau."

Sasa hapa nimfanye nani mjinga zaidi yangu? Mlima unalipuka mbele yangu, jambo ambalo watu huvuka bahari kuliona, na mimi mazoea ya studio yakanipanda kichwani. Picha lazima iwe na mtu. Nikapiga kelele, "Kaka, simama hapo! Katikati! Miguu ionekane!" Maskini akatii. Akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, miguu yote miwili inaonekana vizuri kabisa, na mlipuko mkubwa kuliko yote ya asubuhi ile ukaruka nyuma ya mgongo wake. Picha hiyo ninayo. Ni picha safi ya Mmasai mmoja aliyenyooka, na kwenye bega lake la kushoto kuna doa jeusi unaloweza kusema ni nzi.

Nilipoliona kwenye kioo cha kamera nusura nijirushe humo ndani. Nikamwomba atoke. Nikaacha stendi, nikasogea mwenyewe mpaka mahali kasoko lilipojaa lava iliyoganda hadi karibu na ukingo, nikalala kifudifudi, viwiko kwenye majivu. Kiongozi alinishika mguu. Nilisikia joto usoni kama ninapofunua chungu. Kichuguu kikakohoa tena, na safari hii sikuhesabu wala sikuamrisha mtu. Nikabonyeza tu. Tone moja likaangukia hatua chache kutoka mkono wangu, likatoa sauti, na kiongozi akanivuta kwa mguu kinyumenyume kama anavuta ndama. Majivu yaliniingia mpaka mahali nisipopataja. Lakini nilikuwa nimepata. Lava iko hewani, imekunjuka kama kitambaa cheusi, na matone yake unaweza kuyahesabu.

Nikalia kidogo. Kiongozi akanipa maji, akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia hapana, ni mambo ya mume wangu. Akatikisa kichwa kwa huruma na hakuuliza zaidi.

Kabla hatujashuka nilimwomba kipande. Alisubiri tone moja lililoruka nje lipoe, akaligeuza geuza kwa fimbo, akatema mate juu yake kuona kama bado linachemka, halafu akanipa. Lilikuwa jeusi, jepesi, lina matundu. Nikalitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga mfuniko.

Siku mbili baadaye nilikuwa kijijini kwa babu, mchana, nimesafisha picha kubwa za kushika mkononi. Alikuwa uani kwenye kivuli cha nyumba, analinda alizeti iliyoanikwa kwenye turubai isiliwe na kuku. Nikamsalimia, nikamwambia avae miwani, deni limefika. Akavaa bila haraka. Kwa bahati mbaya, picha ya juu kabisa ilikuwa ile ya Mmasai.

"Huyu ndiye volkano?" akauliza.

"Geuza, babu."

"Ni mtanashati. Analipuka saa ngapi?"

"Geuza, nimesema!"

Akageuza. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka kwenye jua. Nilisubiri, nimeshika kamera yangu shingoni. Nilitaka aseme tu, mke wangu umeweza.

"Hii ni oili," akasema.

"Ni lava."

"Lava ni nyekundu."

"Ya Lengai ni nyeusi, babu. Nimeiona kwa macho yangu. Imeniangukia hapa, hapa!"

"Mimi nimefundisha lava miaka yote ya kazi. Nyekundu. Waliotoka kwangu wamefaulu kwa nyekundu. Wengine wameshakufa, wamezikwa wakijua ni nyekundu. Leo wewe unakuja na oili ya gari unataka nivue kofia?"

Jamani, nikapandwa na hasira. Nilisimama. Nikamwambia nimelala juu ya majivu ya moto kwa ajili yake, nimevutwa kwa mguu kama ndama, nimefunga studio, wateja wamenuna, halafu yeye amekaa na kuku ananiambia oili! Nilipomaliza, babu akapiga makofi.

"Umekasirika! Umeshindwa! Nilijua tu!"

Nikachukua lile kopo, nikalifungua mbele ya pua yake. "Shika basi. Shika jiwe jeusi, uone kama ni oili."

Tukachungulia wote wawili. Jiwe lilikuwa jeupe. Jeupe kama unga, na pembeni limeanza kumomonyoka kabisa.

Nikaanza kueleza kwamba lilikuwa jeusi, naapa, nililitia jeusi, kiongozi shahidi. Babu alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka.

"Volkano yako imeota mvi," akasema. "Njiani umeitesa na nini?"

Lakini mwalimu ni mwalimu. Kucheka kulipokwisha alichukua kile kipande, akakiweka kiganjani, akakiponda kwa kidole gumba. Akaunusa ule unga. Akaniangalia mara moja, akatoa ulimi, akaugusisha, kama wanavyofanya wanunuzi wa magadi sokoni kabla ya kukubali kwamba ni magadi.

Uso wake ukabadilika. Nyusi zikapanda mpaka chini ya kofia. Ulimi ukabaki nje, mweupe kwa unga, na macho yakafunguka kama ya mtoto aliyeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza.

Nikapiga. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Ni magadi," akasema polepole. "Mlima unatapika magadi. Magadi ya kuungia mlenda. Yanatoka humo chini, yanachemka, yanatoka meusi halafu yanageuka..." Alikaa na kiganja chake kilichojaa unga. "Miaka yote ile nilikuwa naufundisha kama wa watu wengine. Wa kwetu sikuujua."

"Hukukosea, babu. Mingine ni myekundu kweli."

"Najua sikukosea. Lakini sikuujua." Halafu akaniangalia kamerani, sio usoni. "Na umepiga."

"Samahani, babu."

"Hiyo ni yako au ya shangazi yako?"

Sikumwelewa. Akajifuta mdomo kwa mkono.

"Nilimsikia pale hospitali. Moyo ndio umepanuka, masikio yangu ni yale yale. Mlikuwa mnatafuta picha ya jeneza."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema ukumbusho, ukutani, wajukuu. Lakini alikuwa ananiangalia, na mimi kwake sijawahi kudanganya nikafanikiwa, hata nikiwa na miaka minne.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa ya jeneza."

Akaitikia kwa kichwa, wala hakukasirika.

"Nilijua. Mbao za jeneza mjomba wako ameshaziweka, ziko kwake chini ya kitanda, anadhani sijui. Mahali pangu pamepimwa kando ya bibi yako. Kimebaki nini? Picha. Siku hizi hamziki mtu bila picha. Basi nikasema picha sitoi." Akacheka kidogo, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Nilidhani nikiwanyima hiyo, mtasubiri. Niliogopa, mke wangu. Mzee mzima."

Nilikaa chini kwenye turubai, juu ya alizeti za watu, nikalia. Kuku wakaja kula wanavyotaka na hakuna aliyewafukuza. Miaka yote nilidhani ananiadhibu kwa sababu ya picha ya bibi. Kumbe alikuwa anajitetea, na mimi nilikuwa namfuata na kamera nyuma ya tangi la maji, nyuma ya mbuzi, mpaka kileleni mwa mlima wa moto, ili nimalizie maandalizi. Nilimwambia hivyo. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyiramba. Aliniwekea mkono kichwani, mkono ule ule wenye magadi, nikabaki na nywele nyeupe.

Baadaye akataka kuiona. Nikamgeuzia kioo cha kamera. Akajitazama: kofia imekwenda upande, macho yamemtoka, ulimi nje. Nikasubiri aniambie niifute. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamshika mgongo, mpaka nikaogopa, nikataka kumwita jirani.

"Hii ndiyo mtakayoweka," akasema alipopata pumzi.

"Babu! Ulimi uko nje!"

"Ulimi wangu umeonja volkano. Taja mwingine hapa Iramba."

"Mchungaji atasemaje? Shangazi ataniua."

"Akikuua njoo, nitakuwa nimekuwekea nafasi. Mke mkubwa atasogea."

Ikawa hivyo. Nimeitengeneza kubwa, shangazi ameiona, amekaa siku nne hasemi na mimi, halafu akapiga simu kuomba nakala yake. Nadhani tatizo liliishia hapo kwa familia. Kwangu ndipo lilipoanza.

Kwa sababu babu ni mtu wa ahadi. Volkano nilileta, amekubali ni volkano, kwa hiyo anadaiwa kukaa kwenye kiti changu bila kofia, na anataka kulipa. Hana woga tena. Ananipigia simu kila baada ya wiki mbili tatu. Ameshanyoa. Koti limepigwa pasi. Mara ya kwanza nilimwambia taa za studio zimeungua. Mara ya pili nilisema niko Ilongero kwenye harusi, kumbe nilikuwa nimekaa ndani ya studio, nakitazama kile kiti, na siwezi. Dawa anakunywa, chumvi haigusi, anatembea mpaka shambani na kurudi. Mbao zipo, kaburi limepimwa, picha ya ulimi ipo; imebaki ya kwenye hicho kiti tu.

Jumatatu iliyopita amepiga tena. "Mke wangu, leo nimepata bodaboda, nakuja kupigwa picha yangu."

Nikamwambia betri ya kamera imekufa, aje mwezi ujao.